Hatutambui

Mtu akianguka akawa haamki, Kiswahili kinasema hajitambui. Redio inasema hivyo, polisi wanaandika hivyo, na ndugu wanaomleta mgonjwa kwa bajaji wanasema hivyo kabla hawajashuka: "Tumemkuta hajitambui." Nimelisikia neno hilo miaka yote ya shahada ya kwanza ya uuguzi, na miaka miwili ya kazi wodini, bila kulitilia maanani. Sasa nasoma uzamili katika uuguzi wa wagonjwa mahututi, na ndiyo kwanza naliona lilivyo zito. Linadai kwamba tumeingia ndani ya mtu, tukamtazama kama anajijua, tukakuta hajijui, tukatoka na habari. Hakuna aliyeingia. Tulimwita jina, tukamtikisa bega, tukambonyeza ukucha, naye hakutujibu. Kwa haki kabisa tungesema hatutambui.

Na hapo Kiswahili kina mtego wake. "Hatutambui" ni yeye asiyetutambua sisi. Pia ni sisi tusiotambua. Neno ni lilelile, herufi kwa herufi, na ukilikuta peke yake kwenye karatasi huwezi kujua ni nani aliyeshindwa.

Chombo tunachotumia kupima hali hiyo ni Kipimo cha Koma cha Glasgow. Wodini kinajulikana kwa herufi tatu tu, GCS. Kilichapishwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett, wapasuaji wa ubongo katika mji wa Glasgow, Uskochi. Kabla yao kila daktari alikuwa na maneno yake. Huyu aliandika nusu koma, yule usingizi mzito, wa tatu amelegea, na muuguzi wa zamu ya usiku hakujua kama mgonjwa amezidiwa au ni mwandishi tu aliyebadilika. Wao wakayaweka kando maneno ya hali, wakahesabu vitendo vinavyoonekana. Macho: yako wazi yenyewe, yanafunguka kwa sauti, yanafunguka kwa kubonyezwa, au hayafunguki kabisa, alama 4 kushuka hadi 1. Maneno: anajibu akijua alipo na ni lini, anajibu kwa kuchanganyikiwa, anatoa neno moja moja lisilohusiana na swali, anatoa milio, au yu kimya, 5 hadi 1. Viungo: anafuata agizo, anaupeleka mkono mahali anapobonyezwa, anajivuta kukwepa, anakunja mikono isivyo kawaida, anainyoosha isivyo kawaida, au hakuna kitu, 6 hadi 1. Ukijumlisha, juu kabisa ni 15 na chini kabisa ni 3. Chini si sifuri, jambo linalowachekesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapogundua kwamba hata maiti ina alama 3.

Nakiheshimu kipimo hiki. Kijana wa bodaboda aliyegonga kichwa akishuka kutoka 13 hadi 9 ndani ya saa mbili, tofauti hiyo ya 4 ndiyo inayomwamsha daktari usingizini na kumpeleka mgonjwa chumba cha upasuaji. Hakuna ushairi wa kando ya kitanda unaoweza kufanya kazi hiyo. Tena kipimo chenyewe hakijivuni. Hakisemi lolote kuhusu kilichomo ndani; kinasema macho yamefunguka, basi. Waliokitunga walitaka hata kila sehemu itajwe peke yake kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa sababu jumla inaficha mengi. Sisi ndio tunaopenda jumla, maana inaenea vizuri kwenye simu.

Mwaka huohuo wa 1974, huko Marekani, mwanafalsafa Thomas Nagel alichapisha makala inayouliza kuwa popo kunakuwaje. Hoja yake, kwa kifupi, ni kwamba unaweza kujua kila kitu kuhusu mwili wa popo, namna anavyopiga kelele na kupata njia gizani kwa mwangwi, na bado usijue maisha hayo yanakuwaje kwa popo mwenyewe. Sina sababu ya kudhani kwamba mwanafalsafa huyo na wapasuaji wale walisomana. Lakini napenda kuwaweka meza moja. Mmoja alishika swali la ndani akaonyesha lilivyo gumu, wawili waliliacha mlangoni wakahesabu kinachohesabika, na wote watatu walikuwa waaminifu. Shida inaanza kwetu, pale tunapochukua jibu la swali la Glasgow na kulitoa kama jibu la swali la popo.

Chukua alama ya juu kabisa ya viungo, ile 6. Anaipata anayefuata agizo: shika vidole vyangu, viachie, toa ulimi. Kwa hiyo kilele cha fahamu, kwa upande wa mwili, ni utii. Kiswahili kinakubaliana na jambo hili kwa namna inayonichekesha. Kitenzi chetu "kusikia" kina kazi nyingi. Masikio yanasikia sauti, ngozi inasikia baridi, tumbo linasikia njaa, anayesikia Kiarabu ni anayekielewa, na mtoto mtukutu tunasema hasikii ingawa masikio yake ni mazima kuliko ya mwalimu wake. Ndugu akikuuliza kando ya kitanda, "Anasikia?", ameuliza maswali matano kwa mpigo, nawe una tochi na kalamu vya kujibia mawili.

Agizo lenyewe linatolewa na nani? Wodini linatolewa na kijana wa miaka 25 kwa mzee wa miaka 80, na mara nyingi bila salamu, kwa sababu wagonjwa ni wengi na zamu ni fupi. "Mzee! Mzee! Shika mkono!" Nimekulia kwa watu ambao kijana akimwamrisha mzee hivyo, jibu la staha kuliko yote analoweza kupata ni kimya. Sisemi wazee walio koma wamenuna. Nasema kimya kina sababu nyingi, na fomu ina kisanduku kimoja.

Mimi huanza na shikamoo. Wapo wagonjwa wa kiharusi ambao maneno yamewaisha, hawawezi kutaja kikombe walichokishika mkononi, lakini ukisema shikamoo, marahaba inatoka safi kabisa. Hili halina uchawi. Tangu karne ya 19 madaktari wamejua kwamba maneno ya mazoea, kama salamu, kuhesabu, sala na matusi, yanaweza kubaki wakati uwezo wa kutunga sentensi umekwenda. Kwa hiyo darasani tunaambiwa tusiitegemee marahaba, hiyo inakuja yenyewe. Sawa. Ila tuwe wakweli, msomaji: ni asubuhi ngapi umejibu "salama" huku akili iko kwenye simu? Kama mazoea si fahamu, sehemu kubwa ya siku yangu ninaishi kwa alama 2 za maneno.

Katika hospitali moja nilikofanyia mafunzo kwa vitendo alikuwapo mzee aliyeanguka kutoka juu ya paa. Aliulizwa maswali ya kawaida: leo tarehe ngapi, mwaka gani, hapa ni wapi. Alijibu kirefu, nusu Kiswahili, nusu Kinyaturu. Aliyekuwa anampima hakusikia Kinyaturu, akaandika alama 4, amechanganyikiwa. Mama mmoja wa usafi aliyekuwa anapiga deki pale alisimama akatafsiri bila kuombwa. Mzee alikuwa amesema hapa ni pa wagonjwa, amelala usiku mmoja, mvua za kupandia zimechelewa, na nyumbani kuna ng'ombe atakayezaa mwezi ujao na hakuna wa kumwangalia. Alijua alipo na alijua ni lini, kwa kalenda yenye maana kwake kuliko ile ya ukutani iliyotolewa na kampuni ya dawa. Alama ilibaki 4 hadi zamu iliyofuata. Kwa mtu aliyeumia kichwa, 4 pale penye 5 inaweza kumaanisha kuamshwa kila saa usiku kucha bila sababu. Na kosa likienda upande wa pili, mgonjwa wa lugha ngeni anazama kweli na wote wanadhani ni lugha tu.

Haya yote yangebaki maswali ya semina kama si bibi.

Bibi, mama yake mama, anaishi Ilongero, kaskazini mwa mji wa Singida, kwenye barabara ya kwenda Mtinko na Haydom. Ukiiacha barabara ukatembea dakika kumi umeshafika kwenye alizeti, uwele na mazizi ya ng'ombe. Februari mwaka huu alipata kiharusi. Picha ya CT ilionyesha eneo kubwa lililokufa upande wa kushoto wa ubongo, ambako kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Alilazwa wiki tatu, kisha akarudishwa nyumbani, kwa mama mkubwa, ambaye tangu siku hiyo hajalima. Nilipofika kwa likizo ya Agosti nilimkuta chumba cha mbele, macho wazi, mkono na mguu wa kulia vimelala, mdomo umevutwa upande, anatoa sauti za kooni zisizo neno.

Nilimpima. Watu walitarajia hivyo kwa kuwa mimi ndiye "daktari" wa ukoo (uuguzi kwetu haujapata jina lake), na kusema kweli kupima ndiko kunakonituliza. Macho 4. Maneno 2. Kwa viungo nilimwagiza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyaturu changu, ambacho nakisikia kuliko ninavyokisema, naye hakufuata. Ikabidi nibonyeze ukucha kwa kalamu. Mkono wa kushoto ukaja kuiondoa kalamu: 5. Mama mkubwa akanishika kiwiko. "Unamfinya mama yangu kwa nini?" Nilimweleza kwamba ndivyo inavyofanyika, kwamba hata wenye kipimo, walipokipitia upya mwaka 2014, waliacha kuandika "maumivu" wakaandika "mbonyezo". Alinitazama kama mtu anayetafsiriwa tusi.

Jumla ilikuwa 11. Mjomba, aliyestaafu ualimu wa sekondari, akapiga hesabu papo hapo. "Kumi na moja kwa kumi na tano ni sabini na tatu kwa mia. Hiyo ni B." Alisema kwa furaha ya kweli, na ilinibidi nimwambie kwamba mtihani huu unaanzia 3, na kwamba mtu anaweza kuwa na macho wazi mchana kutwa, akapata 4 zake zote za macho, bila sisi kuwa na ushahidi wowote kwamba kuna anayetazama. Sikupenda sauti yangu nilipokuwa nasema hayo, ingawa yalikuwa kweli.

Mama mkubwa hakuwa na shaka. Anasikia, alisema. Ndama akilia nje, anageuza macho. Uji ukiwa hauna sukari, anafunga mdomo. Jirani mmoja anayesema sana akija, anafumba macho mpaka aondoke. Nilikuwa na jibu kwa kila moja, na kila jibu ni la kitabu: kugeukia sauti kunaweza kufanywa na shina la ubongo peke yake, kufunga mdomo ni jambo linaloonekana hata kwa wasio na fahamu yoyote, na mgonjwa hufumba na kufumbua macho kwa mzunguko wake mwenyewe, jirani awepo asiwepo. Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akauliza, kwa hasira wala si kwa hekima, "Na wewe ukiitwa ukageuka, mimi nitajuaje kwamba umo?" Kisha akaenda kukoroga uji.

Usiku ule nilifikiri kuhusu kipimo kingine, kilichozaliwa kwa jirani zetu. Mwaka 1989, huko Blantyre, Malawi, Malcolm Molyneux, Terrie Taylor na wenzao walichapisha kipimo cha koma kwa watoto wenye malaria iliyopanda kichwani. Glasgow haikuwafaa watoto wasiojua bado kusema. Huwezi kumuuliza wa mwaka mmoja leo ni tarehe ngapi. Kipimo cha Blantyre kina alama 5 tu, na katika sehemu ya macho swali si kama yamefunguka. Swali ni kama yanafuata kitu, na mfano unaotolewa ni uso wa mama. Sijui kama kuna fomu nyingine ya tiba inayomweka mama ndani ya chombo cha kupimia kama ile inavyofanya. Mpimaji anakubali kwamba uso wake mwenyewe, wa mgeni mwenye koti jeupe, huenda usitoshe kumwita mtu atoke alipo.

Na upo uso mwingine wenye nguvu zaidi. Watafiti wa Liège, Ubelgiji, walionyesha kwamba wagonjwa wenye fahamu kidogo, ambao macho yao hayafuati kalamu wala mtu anayepita, wanaweza kufuata kioo kilichoshikwa mbele yao. Wanafuata sura yao wenyewe. Na kipimo kirefu zaidi kinachotumika sasa kwa watu wa namna hii kinataka kioo. Mwaka 2009 watafiti walikitumia kipimo hicho kwa wagonjwa 44 ambao timu za madaktari zilikuwa zimekubaliana kwamba hawana fahamu yoyote, macho tu yako wazi. Wagonjwa 18 kati yao walikutwa na dalili za fahamu. Hao hawakuwa wamefichwa kijijini. Walikuwa hospitalini, wamezungukwa na wataalamu.

Asubuhi nilimwomba mama mkubwa kioo chake, kile kidogo chenye fremu nyekundu ya plastiki kinachouzwa mnadani. Nilimsalimia bibi, nikakaa upande wake wa kushoto, nikakishika mbele ya uso wake, nikakisogeza polepole. Kanuni inataka macho yakifuate bila kukatika, mara mbili. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili macho yalikifuata hadi mlangoni. Mara ya tatu hakuna. Mara ya nne yalikifuata kuelekea ukutani, vizuri kabisa, nilipokisimamisha yakasimama. Baada ya hapo alichoka, au alikwenda, neno lolote utakalo. Ile ya mlangoni sikuihesabu, maana mlango ulikuwa wazi na jua la saa tatu lilikuwa linaingia. Huenda alifuata mwanga. Kwa hiyo mara moja. Kati ya mara moja na mara mbili ndipo ulipopita mpaka wa bibi yangu, asubuhi hiyo, kwa ajili ya mlango.

Msomaji anayefuatilia sayansi ataniambia kwamba zipo mashine. Zipo. Mwaka 2006 Adrian Owen na wenzake nchini Uingereza walimlaza kwenye mashine ya MRI mwanamke wa miaka 23 aliyepata ajali ya gari na ambaye hakujibu chochote kitandani. Walimwambia ajifikirie anacheza tenisi, kisha ajifikirie anatembea chumba kwa chumba nyumbani kwake. Ubongo wake ukafanya kazi sehemu zilezile zinazofanya kazi kwa watu wazima wa afya wanapoambiwa hivyo. Mwaka 2024 utafiti wa vituo kadhaa vya Ulaya na Marekani ulichapisha matokeo ya wagonjwa 241 ambao hawakuonyesha kwa macho wala kwa viungo kwamba wanafuata agizo. 60 kati yao, yaani robo, walifuata agizo kwa ubongo. Nikiwaza mashine hiyo imefika Ilongero, jambo la kwanza ni kwamba tenisi isingefaa. Ungemwambia ajifikirie anapepeta uwele, ungemwambia kwa Kinyaturu, na ningeshauri umsalimie kwanza.

Lakini ipo habari nyingine kutoka Ubelgiji ambayo haipendwi sana. Mtu mmoja aliyeumia ajalini miaka ya 1980, akahesabiwa hana fahamu kwa zaidi ya miaka 20, alichunguzwa upya na ubongo wake ukakutwa unafanya kazi karibu na kawaida. Dunia ikashangilia. Kisha akapewa msaidizi wa kumshika mkono ili aandike kwenye kibao, na maneno yakatoka mengi, mazuri, ya kuliza. Ilipojaribiwa kwa kumwonyesha mambo ambayo msaidizi hakuyaona, ikadhihirika kwamba mwandishi alikuwa msaidizi. Pengine hakudanganya kwa makusudi. Alitaka mno kumsikia. Ndiyo maana siwezi kuuchukua ushahidi wa mama mkubwa mzima mzima. Anayempenda mgonjwa ana mkono wake juu ya kibao muda wote. Na nani atajibu kwa niaba ya mgonjwa yule sasa? Fahamu yake huenda ilikuwapo kweli, ila imezikwa mara ya pili, chini ya sentensi za mtu mwingine.

Siku ya Jumapili wajomba walikuja kwa kikao. Shauri lilikuwa ng'ombe. Bibi ana maksai wawili na majike wawili, mali yake mwenyewe tangu afiwe na babu. Mjomba mwalimu alitaka maksai wote wauzwe, bibi apelekwe Dodoma akakae huko miezi ya mazoezi ya viungo. Mjomba mdogo aliona ni kumwaga maji mchangani, tena maksai ndio wanaolima. Walibishana kwa saa nzima, wakafika hadi kwenye shamba, nani atalilima msimu ujao na litakuwa la nani yakitokea ya kutokea. Yote hayo katika chumba kilekile, bibi yuko hatua mbili, macho wazi. Nilipomnong'oneza mjomba mdogo tutoke nje, alijibu kwa sauti ya kawaida, "Si hajitambui huyu? Wewe mwenyewe umempima."

Hapo ndipo nilipoona namba yangu inafanya kazi gani. Ilikuwa imegeuka kibali.

Kuna hoja nyepesi ambayo ningeweza kuitoa, na nadhani wengi wa rika langu tungeitoa: hatujui kama anasikia, basi tujiendeshe kana kwamba anasikia, kwa kuwa kukosea upande huo hakugharimu kitu. Naiona ina nusu ya ukweli. Kumsalimia hakugharimu kitu. Kunyamaza kuhusu kifo chake mbele yake hakugharimu kitu. Lakini kumwuza maksai kunagharimu, na mgongo wa mama mkubwa unagharimu, na msimu ambao hajalima umeshagharimu. Mtu akikuambia "mchukulie kana kwamba anasikia" kisha akatumia sentensi hiyo kudai uuze kila kitu, amekupitisha mlango mmoja na kukutoa kwa mwingine. Mjomba mwalimu alikuwa anafanya hivyo. Mjomba mdogo alikuwa anafanya kinyume chake, kwamba kwa kuwa hatuwezi kuuza, basi hasikii. Wote wawili walikuwa wameunganisha maswali mawili ambayo sioni sababu ya kuyaunganisha. Tutamfanyia nini ni swali la uwezo, na wazee wengi wenye fahamu kamili, wanaojua tarehe na jina la rais, huambiwa kila siku kwamba fedha haikutosha. Ataambiwa au hataambiwa ni swali jingine. Mwenye ng'ombe ambaye hatuna hakika kama anasikia bado ni mwenye ng'ombe.

Nilisema hayo kikaoni, si kwa mpangilio huu. Nilisema kwamba sijui kama bibi anasikia, kwamba namba 11 haijui, kwamba kioo kilisema labda, na kwamba wanachokiamua, vyovyote kitakavyokuwa, aambiwe yeye. Mjomba mdogo alicheka kidogo. Mama mkubwa alisema aambiwe na mwanamume mkubwa wa nyumba, na kwa Kinyaturu, mambo ya ng'ombe bibi hajawahi kuyazungumza kwa Kiswahili.

Wakaamua auzwe maksai mmoja. Fedha hiyo ingemleta mtaalamu wa mazoezi kutoka mjini mara kadhaa, amfundishe mama mkubwa, na ingemlipa kijana wa kulima robo ya shamba. Dodoma hapana.

Mjomba mwalimu alihamisha kigoda akakaa upande wa kushoto, ambako nilimwonyesha. Alimsalimia mama yake kwa salamu ndefu ya Kinyaturu, ile ambayo sisi vijana tunaishia katikati. Akamweleza ni maksai yupi, mnada upi, na kwa nini si wote wawili. Niliyoyashika ni hayo, mengine yalinipita. Alipomaliza alikaa kimya akimtazama, viganja juu ya magoti. Katika kipimo kile kirefu, ukishatoa agizo unangoja sekunde 10. Nilizihesabu kichwani, zikaisha. Mjomba aliendelea kukaa vilevile, mpaka ndama akalia zizini, bibi akageuza macho, na mama mkubwa akasema uji unapoa.